jamovi kwenye maabara ya takwimu: inachofaa chuoni Nairobi, na inapokwama

Vyuo vya Nairobi vina biashara isiyo na kibao mlangoni, nayo ni sura ya nne ya tasnifu, ile ya uchambuzi wa data. Mwanafunzi wa uzamili hukusanya dodoso zake, humpelekea mtu wa data, kisha hurudishiwa kurasa za majedwali ya SPSS, programu ya takwimu ya kulipia, yaliyobandikwa kwenye Word. Siku ya utetezi jopo likimuuliza kwa nini amelinganisha makundi kwa jaribio la t na si la Mann-Whitney, hana la kusema, maana uamuzi huo haukupita mikononi mwake. Chanzo cha tatizo hilo kiko nyuma kabisa, mwaka wa kwanza, kwenye ile kozi ya utangulizi ambamo wanafunzi wa biashara, saikolojia, uuguzi na kilimo huhesabu mkengeuko sanifu wa namba nane kwa kikokotoo, hufaulu mtihani, na huondoka bila kukutana na data yenye kasoro hata mara moja.

Programu ya kufundishia takwimu basi tunaipima kwa swali hili: inamwachia mwanafunzi maamuzi gani, na mhadhiri anaweza kuyaona na kuyasahihisha? Kwa kipimo hicho jamovi ndiyo inayofanya vizuri kuliko zote za bure kwa darasa la utangulizi. Ina kasoro pia, na baadhi ni za kuudhi kwa sababu zingeepukika.

Kwa asiyeijua: jamovi ni programu ya chanzo huria iliyotolewa 2017 na Jonathon Love, Damian Dropmann na Ravi Selker. Chini ya kofia inaendeshwa na R, lugha ya kuandikia msimbo wa takwimu, lakini mtumiaji anaona jedwali la data upande wa kushoto na matokeo upande wa kulia. Sura yake itamkumbusha mtu SPSS, ile iliyoanza 1968 na kununuliwa na IBM 2009, na mhadhiri aliyezoea SPSS hahitaji zaidi ya alasiri moja kuhama. jamovi haina ada ya leseni, na hilo lina uzito katika mji ambao nakala za SPSS zilizovunjwa huzunguka kwa flashi, mara nyingine zikiwa na virusi ndani yake.

Lakini bei siyo sababu kubwa. Sababu kubwa ni faili lake. Ukihifadhi kazi, jamovi hutengeneza faili moja la .omv lenye data, uchambuzi, matokeo na maelezo ya mwanafunzi kwa pamoja. Mhadhiri akilifungua na kubofya jedwali lolote, paneli ya machaguo hurudi kama ilivyoachwa: kigeu (variable) kipi kiliwekwa wapi, tiki zipi zilitiwa, kichujio kipi kilikuwa kimewashwa. Jedwali lililobandikwa kwenye Word haliwezi kukuonyesha hayo. Mwanafunzi aliyenunua sura ya nne anaweza kukuletea jedwali safi. Akikuletea faili la .omv, unambofyolea tiki moja mbele yake, matokeo yanabadilika papo hapo, na unamuuliza kimebadilika nini.

Somo la kwanza linalofaa kwa wanafunzi wa hapa ni idadi ya watu kwa kaunti katika sensa ya 2019. Mistari ni 47 tu, kila mtu darasani ana kaunti yake, na data hiyo ina funzo ndani yake. Panga mistari kwa namba rasmi za kaunti, Mombasa ikiwa 1 na Nairobi 47. Weka safu tatu: namba, jina la kaunti, na watu. Hifadhi kutoka Excel kama CSV, kisha uifungue ndani ya jamovi.

Hapo ndipo kosa la kwanza hutokea, na litatokea kwa zaidi ya nusu ya darasa. Majedwali ya KNBS, shirika la takwimu la taifa, yako kwenye PDF na namba zake zina koma za maelfu. Ukizinakili hivyo hivyo, 4,397,073 huingia kama maandishi. jamovi haitalalamika. Itakipa kigeu alama ya miduara mitatu, yaani kigeu cha majina, na ukiomba wastani, nafasi yake itakaa tupu. Dawa ni kurudi Excel, kuchagua safu nzima, kuondoa koma kwenye muundo wa namba, na kuhifadhi upya. Alama ikigeuka kuwa rula, kigeu kimesomwa kama kipimo endelevu. Wafundishe waangalie alama hizo kabla ya kubofya kitu kingine chochote: rula kwa kipimo endelevu, ngazi kwa kigeu cha mpangilio, miduara mitatu kwa majina. Mhadhiri akiwasafishia data mapema ili kuokoa dakika kumi, atakuwa amewanyima somo lenyewe.

Kisha nenda Analyses, Exploration, Descriptives, na upeleke kigeu cha watu upande wa kulia. Wastani utatoka 1,012,006. Mediani itatoka 893,681, ambayo ni Busia. Waulize ni kaunti ngapi ziko juu ya wastani. Wengi watajibu nusu. Jibu ni 18 kati ya 47, na sababu iko kwenye histogramu: nguzo zimesongamana kushoto na moja imekaa peke yake kulia kabisa. Tia tiki kwenye Box plot na Label outliers. Nukta tatu zitajitenga zikiwa na namba 22, 32 na 47: Kiambu, Nakuru na Nairobi. Kakamega, yenye watu 1,867,579, imebaki ndani ya mpaka. Mwache mwanafunzi atafute mwenyewe mpaka uko wapi na umepatikanaje kutoka kwenye robo ya kwanza na ya tatu. Zoezi hilo lina thamani kuliko kukariri kanuni ya 1.5, yaani mara 1.5 ya umbali kati ya robo hizo.

Sasa kichujio. Kwenye Data, bofya Filters na uandike Kaunti != 'Nairobi'. Safu mpya itatokea yenye tiki za kijani na msalaba mmoja mwekundu, na matokeo yote yatajihesabu upya bila kubofya tena. Wastani unashuka hadi 938,418. Mediani inasogea kidogo tu, hadi 889,696. Kaunti moja imeondoa zaidi ya 73,000 kwenye wastani lakini chini ya 4,000 kwenye mediani. Ukichora hilo ubaoni utatumia nusu saa, na nusu ya darasa bado itakuwa inakuamini kwa heshima tu. Hapa wanaliona likitokea, na wanaweza kulirudisha kwa kuzima kichujio.

Kuna mtego hapa ambao programu haiutaji. Hii ni sensa, watu wote, si sampuli. Kwenye orodha hiyo hiyo ya Descriptives kuna tiki ya masafa ya imani (confidence interval) ya asilimia 95 kwa wastani, na jamovi itayahesabu kwa utiifu wote ingawa hapa hayana maana, kwa sababu hakuna umma mkubwa zaidi wa kaunti unaokisiwa. Tumia nafasi hiyo. Waache watie tiki, wapate namba, kisha uwaulize namba hizo zinakisia kitu gani.

Suala la kunakiliana ni gumu katika madarasa ya watu 200, na faili la .omv linanakilika kwa WhatsApp kama faili lingine lolote. Njia inayofanya kazi ni kumpa kila mwanafunzi data tofauti kwa kichujio cha tarakimu ya mwisho ya namba yake ya usajili. Anayeishia na 7 anaandika ROW() % 10 != 7, na mistari ya 7, 17, 27, 37 na 47 inatoka. Unapata matoleo kumi ya zoezi moja, na funguo za majibu unaziandaa kwa muda mfupi kwa kubadilisha tarakimu moja tu. Tarakimu 1 hadi 7 huondoa mistari mitano, na 8, 9 na 0 huondoa minne, kwa hiyo usishangae ukubwa wa data ukitofautiana. Kundi la 7 ndilo lenye mambo: linapoteza Garissa, Makueni, Uasin Gishu, Kakamega na Nairobi yenyewe, na wastani wake unakuwa 912,082. Mkengeuko sanifu wao utaporomoka ikilinganishwa na wenzao, na swali zuri la mjadala ni kwa nini. Usahihishaji unaoleta tofauti ni kugawa alama hivi: chache kwa namba sahihi, nyingi kwa sentensi anazoandika mwanafunzi chini ya kila jedwali ndani ya faili hilo hilo akieleza kwa nini alichagua kipimo hiki. Atakayenakili namba ataumbuliwa na tarakimu yake, na atakayenakili maelezo atakuwa ameeleza data ya mtu mwingine.

Wanafunzi wakianza kutengeneza vigeu vipya, utaona kosa lingine la kila muhula. MEAN(a, b) huhesabu wastani wa kila mstari ukivuka safu, na VMEAN(a) huhesabu wastani wa safu nzima. Anayetaka alama sanifu akaandika a - MEAN(a) atapata sifuri kila mstari na kudhani programu imeharibika. Anayotaka ni (a - VMEAN(a)) / VSTDEV(a).

Data za dodoso zina mitego yake. Ngazi za majibu ya maandishi zikija kwa mpangilio wa alfabeti, Chini, Juu na Wastani hukaa hivyo, yaani Juu katikati, na kila chati inapotoka. Fungua mipangilio ya kigeu na uzisogeze kwa mishale. Wengine huandika 99 kwa jibu lililokosekana, na ghafla kijiji kina vikongwe wengi ajabu. Hapo weka == 99 kwenye sehemu ya Missing values. Na maswali yenye majibu 1 hadi 5 mara nyingi jamovi huyakisia kuwa ya majina kwa sababu thamani ni chache. Yahamishe yawe ya mpangilio kabla hujaendelea.

Jaribio la khi-mraba, lile la uhusiano kati ya vigeu vya majina, linahitaji onyo la peke yake. Likipewa data ghafi, mstari mmoja kwa kila mtu, linakwenda sawa. Ukiwa na jedwali lililokwisha kuhesabiwa, tuseme mistari minne yenye idadi, lazima idadi iwekwe kwenye kisanduku cha Counts. Ukisahau, programu itadhani una watu wanne tu na kukupa jibu la kuchekesha lenye sura ya kisomi. SPSS huandika chini ya jedwali ni seli ngapi zina matarajio yaliyo chini ya 5. Kwenye jamovi mwanafunzi lazima atie tiki ya Expected counts na aangalie mwenyewe. Wengine wanaona huo ni upungufu. Darasani tunauona faida, mradi mhadhiri awe amesema mapema kwamba alama zitakatwa kwa asiyeangalia.

Sasa lawama nzito. Kwenye jaribio la t la makundi mawili, tiki ya Student ndiyo inayokuja imewashwa, na ya Welch lazima uiwashe. R yenyewe, inayoendesha jamovi, hufanya kinyume: t.test bila maelekezo mengine hutoa Welch. Matokeo yake, mwanafunzi mwenye makundi ya watu 20 na 27 anapata digrii za uhuru 45 kwenye jamovi, na akiandika data ile ile kwenye R anapata namba yenye desimali na thamani nyingine ya p. Anakuja ofisini akiuliza ipi ni ya kweli. Zote ni za kweli. Student hudhani mtawanyiko wa makundi yote mawili ni sawa, na Welch haidhani hivyo. Makundi yanapokuwa na ukubwa tofauti na mtawanyiko tofauti, dhana hiyo ya Student ndiyo inayopotosha. Agiza darasa zima liwashe Welch na lizime Student tangu siku ya kwanza, na ueleze sababu.

Kasoro inayofanana na hiyo: thamani ya p huja yenyewe, ilhali tofauti ya wastani, masafa yake ya imani na ukubwa wa athari vyote vinasubiri tiki. Jumuiya ya takwimu ya Marekani ilitoa tamko lake kuhusu thamani ya p mwaka 2016, ikionya kwamba p haipimi ukubwa wa athari wala umuhimu wa matokeo. Programu iliyozaliwa mwaka mmoja baadaye ingeweza kugeuza mpangilio huo. Fanya kanuni ya darasa kwamba jedwali la t lisilo na Mean difference na Confidence interval ni kazi ambayo haijaisha.

Pengo la tatu ni uigaji. Miongozo ya kufundishia takwimu vyuoni inayojulikana kama GAISE, toleo la 2016, inasisitiza uelewa wa dhana, data halisi na teknolojia ya kuchunguza dhana. Dhana ngumu kuliko zote kwa mwaka wa kwanza, yaani jinsi wastani unavyobadilika kutoka sampuli moja hadi nyingine, jamovi haina pa kuionyesha vizuri. Unaweza kulazimisha kwa NORM() kwenye safu kadhaa, lakini ni kujitesa. Kwa wiki hizo mbili toka nje ya jamovi na utumie StatKey, ambayo hufanya kazi kwenye kivinjari, hata cha simu. Bonyeza kuchota sampuli moja, kisha kumi, kisha elfu, na nukta zinajipanga mbele ya macho. Anza na moja moja. Mhadhiri anayekimbilia elfu papo hapo anaonyesha picha nzuri ambayo hakuna aliyeelewa kila nukta yake ni nini.

Kwa wanaotaka kuvuka kwenda R, kuna daraja. Washa Syntax mode kwenye nukta tatu za pembeni juu kulia, na kila jedwali litatanguliwa na amri yake, mfano jmv::descriptives(data = data, vars = Watu). Moduli ya Rj inakuruhusu kuandika R ndani ya jamovi yenyewe. Kuna pia kitabu cha bure cha Danielle Navarro na David Foxcroft kilichoandikwa mahsusi kwa jamovi, kinachotosha kwa kozi nzima, ingawa mifano yake ni ya saikolojia na itabidi uweke ya hapa.

Usakinishaji upange kabla ya muhula. Kuna toleo tulivu linaloitwa solid na lingine jipya linaloitwa current. Chagua solid, liweke kwenye flashi, na mashine zote za maabara pamoja na laptopu za wanafunzi ziwe na namba ile ile. Faili lililohifadhiwa kwenye toleo jipya linaweza kukataa kufunguka kwenye la zamani, na utagundua hilo usiku wa kuwasilisha kazi. Ikishasakinishwa haihitaji intaneti, jambo linalookoa bando na kusaidia siku ambayo mtandao wa chuo umelala. Moduli za ziada ndizo zinazopakuliwa, nazo pia unaweza kuzihifadhi kama mafaili ya .jmo na kuziingiza kwa Sideload. Laptopu yenye RAM ya GB 4 inaimudu kwa data za darasani. Ukiipa maelfu mengi ya mistari na chambuzi kumi kwenye faili moja, ile tabia yake ya kujihesabu upya itageuka kero. Mwenye simu tu ana toleo la mtandaoni, lakini jedwali la data kwenye kioo cha simu ni adhabu. Waweke wawili wawili kwenye mashine, mmoja akishika kipanya na mwingine akiandika maelezo, kisha wabadilishane katikati ya kipindi.

Washindani ni wachache. JASP, ya Chuo Kikuu cha Amsterdam, ambako waanzilishi wa jamovi walipitia, ni bora kwa takwimu za Bayes, ila kwa muda mrefu ilitegemea programu nyingine kuhariri data. R-Instat, ya African Maths Initiative yenye mizizi yake hapa Kenya, ina menyu nzuri za data za hali ya hewa na inafaa sana wanafunzi wa kilimo na metorolojia, lakini ni nzito na imejengwa kwa Windows. Excel itaendelea kuwepo kwa kusafisha data, na hapo iishie.

Kwa kozi mbili tu tusingeiweka jamovi: shahada ya takwimu yenyewe, na ya sayansi ya aktuaria. Hao waanze na R wiki ya kwanza, wakwame kwenye mabano na koma, kwa sababu kuandika msimbo ndiyo kazi watakayoajiriwa kuifanya. Wengine wote, wale wa kozi moja ya takwimu kwa miaka minne, wapewe jamovi, saa mbili za maabara kwa wiki, na CAT, yaani jaribio la ndani ya muhula, inayofanyika kwenye mashine na kuwasilishwa kwa .omv.